Alama kwa Kumi

Saa moja asubuhi, Liepāja, Februari.
Barafu imechora dirishani ramani ya nchi isiyo na watu.
Naandika: nimeamka. Alama: moja kwa kumi.

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari ya bluu,
nililinunua kwa senti themanini duka la kona
kwa sababu Daktari Ozola alisema,
"Usiniandikie unavyojisikia tu, Velga.
Andika umefanya nini, saa ngapi,
na moyo ulikuwa wapi wakati huo."
Nikamjibu, moyo wangu haujatoka kitandani tangu Novemba.
Akacheka. Sikutegemea acheke.
"Basi," akasema, "tuanze na miguu."

Miaka ishirini na miwili niliendesha tramu,
njia moja, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.
Tramu haiulizwi kama ina hamu.
Unasukuma mpini, umeme unashuka kutoka kwenye waya,
na zile tani za chuma zinakumbuka kwenda.
Nililijua hilo kwa viganja vyangu vyote viwili
nisijue kwamba linanihusu.

Imants alipoondoka
(hakufa; aliondoka tu, na masufuria mazuri)
nilikaa kuingojea hamu kama mgeni
aliyeahidi kuja bila kutaja siku.
Waliobisha sikuwafungulia,
nyumba iwe kimya, nimsikie akifika.
Hakufika.
Hamu si mgeni. Hamu ni mbwa wa Bi Dzidra wa ghorofa ya chini:
ukimwita umekaa, anakutazama,
ukishaondoka, unamkuta nyuma yako.

Jumatatu: nimeosha kikombe. Kimoja. Alama mbili.
Jumanne: nimenywea chai kikombe hichohicho,
upande wa dirisha. Mbili.
Jumatano: sikufanya kitu.
Daktari akasema kuandika "sikufanya kitu" nako ni kitu,
nikamchukia kwa dakika kama nne.
Alhamisi: nimetembea hadi kituoni. Sikupanda.
Dereva alikuwa kijana, ndevu za kuhesabika,
akagonga kengele mara mbili,
ile salamu yetu, ya sisi kwa sisi.
Sijui nani alimwambia mimi ni nani.
Nikaandika nne. Nikafuta, nikaandika tatu.
Nikafuta tena, karatasi ikatoboka.
Nne.

Wiki ya tano nikalisoma daftari lote kwa mkupuo,
kama mtu anayesoma barua za jirani.
Televisheni, niliyodhani inanipumzisha:
moja, sifuri, moja, moja.
Kukanda unga wa mkate mweusi,
kazi niliyoikimbia tangu alfajiri: tano.
Kumpigia simu dada yangu Biruta:
kabla, nilitabiri mbili. Baada, sita,
ingawa tuligombana, na tuligombana kuhusu kabichi.
Hapo nikaona: huzuni ni mtabiri mbovu wa hali ya hewa,
ila ana sauti ya mtu mwenye hakika.

Sikudanganyi, sijapona.
Usiku mwingine dari hushuka mpaka puani.
Kuna kurasa mbili nilizozichana
na moja iliyoandikwa neno moja ambalo silirudii hapa.
Lakini penseli imefupika,
na kitu kinachofupika kimetumika.

Leo ukurasa unasema: saa nne, ufukweni, dakika kumi.
Nje inanyesha theluji iliyochanganyika na mvua,
ile isiyojua inataka kuwa nini.
Sitaki.
Naandika: sitaki.
Saa nne kasoro tano navaa kiatu cha kushoto,
nakaa kidogo na kiatu kimoja, mjinga mtupu,
namsikia mbwa wa Bi Dzidra akikwaruza mlango huko chini.

Cha kulia.

Nafasi ya alama naiacha wazi.
Nitaijaza nikirudi.