Watu Kumi na Saba, Mara Mbili

Kwanza niliwaandika kama wageni.
Safu ya kushoto: sukari ya kabla ya Ramadhani.
Safu ya kulia: sukari ya baada ya Idi.
Kumi na saba huku, kumi na saba kule,
na kiyoyozi cha kliniki ya Ibra kikikohoa juu yangu
kama msimamizi wa mtihani.

Kompyuta ikajibu: hakuna tofauti.
Nikajaribu jaribio jingine. Nikajaribu la tatu,
nikawa kama mtu aliyesimama usiku mlangoni pa jirani
na tita la funguo zisizo zake,
anaingiza mmoja, anasikiliza kitasa, anaingiza mwingine.
Mmoja ungefungua.
Hilo ndilo lililonitisha.

Daktari Muhanna hakugusa kipanya.
Aliweka kidole juu ya kioo, akauliza,
"Hawa wa kulia ni kina nani?"
Nikasema, "Ni walewale."
"Basi mbona umewatenganisha?"
Akaenda kuswali adhuhuri, akaniacha na aibu yangu.

Jioni nilipita kwa shangazi Thuwaiba, mshonaji,
aliyezaliwa Wete, akazeekea hapa,
Kiarabu chake kimenyooka, lakini akihesabu, huhesabu kwa Kiswahili.
Daftari lake halina wastani. Lina majina.
Bi Ghaniya, kiuno, Shaabani.
Bi Ghaniya, kiuno, Shawali.
"Kapungua vidole viwili," akasema, pini zikiwa mdomoni.
"Jirani yake mnene tangu kuzaliwa; yanihusu nini mie?
Mtu hupimwa na jana yake."

Nilirudi kwa miguu, kando ya falaji.
Baina ya mtu na mtu kuna bonde zima,
la miili, la dawa, la urithi, la halwa ya arusi.
Mimi nautafuta mfereji mwembamba
upitao ndani ya kila mmoja.
Siku zote tatu nilikuwa nikipima bonde.

Nikatoa kabla kutoka kwenye baada, mmoja mmoja.
Kumi na wawili walishuka.
Wanne walipanda, kiasi cha punje.
Na mmoja, namba kumi na moja,
tisa nukta moja hadi kumi na tisa,
akauvuta wastani wote upande wake
kama mkeka uliokamatwa pembe.

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kufuta.
Nani angejua?
Lakini namba kumi na moja ni Bi Rayya wa Mudhaibi,
aliyemzika mwanawe usiku wa ishirini na tatu wa mwezi ule,
akaja kliniki siku aliyoahidi,
akakaa, akanyoosha kidole kitobolewe,
hata hakuuliza kimesoma ngapi.

Simfuti.
Nikachagua jaribio linalosikiliza foleni, si kelele:
mabadiliko yapangwe, dogo hadi kubwa,
kila moja lipewe nafasi yake na alama yake, ya kupanda au ya kushuka,
na huyu mwenye ukelele ahesabiwe wa kumi na saba.
Si zaidi ya hapo. Wala si pungufu.

Kisha, kabla ya kubofya, nikaandika kwa kalamu
swali ambalo ningeliandika tangu Rajabu:
mtu huyu, baada ya mfungo, yuko vile alivyokuwa?
Swali moja, jaribio moja,
na jibu litakalokuja nitalivaa
hata likinibana kwapani.

Likaja, la sauti ndogo: wameshuka, kidogo.
Sikuandika kwamba ni saumu iliyowashusha.
Wasiofunga sikuwapima.
Niliandika lilivyo, nikafunga kompyuta,
nikampigia Bi Rayya simu.
Simu ile haimo kwenye utafiti.