Kikosi cha Pili, Nachingwea

Mistari ya uwanja wetu ni ya salfa.
Chokaa iliisha Machi, na Nandonde wa ghalani
akatupa nusu mfuko uliopasuka,
basi tunacheza ndani ya njano,
macho yanawasha, kamasi zinatiririka,
na mtoto akianguka huinuka na goti lenye rangi ya bizari.

Tukijitaja kuwa timu ya gongo
mgambo husogea, hunusa chupa zetu za maji.
Magongo, afande. Wingi.
Ya mti, si ya kunywa.

Jana kamati ilikaa kwenye benchi la duka la Chilumba.
Ajenda moja: Somoe Likwati,
miaka kumi na mitano na miezi minne
(nilihesabu mwenyewe kwa kadi ya kliniki).
"Apande," alisema mwenyekiti. "Jumapili Masasi wanakuja.
Kipaji hakingoji."
Katibu akaongeza: kuna mtu wa Dar, ana simu yenye kamera kali.
Mweka hazina hakusema kitu,
alikuwa anapiga hesabu ya nauli.

Nikawajibu vibaya.
Nikasema, mnamkumbuka Mchopa?

Chilumba akapunguza redio.

Mchopa tulimpandisha ana kumi na nne.
Mechi tisa ndani ya siku ishirini,
maana kila kijiji kilitaka kumwona
na sisi tulipenda kuombwa.
Goti likavimba, tukalikanda kwa maji ya chumvi.
Likavimba tena, tukasema ni kukua huko.
Siku hizi yupo ghalani, anachambua korosho,
mguu mmoja ameunyoosha mbele kama wa mtu mwingine.
Tukikutana huniwahi: "Shikamoo, kocha."
Marahaba yangu hutoka nusu.

Mama yangu alikuwa na miche ya kubebesha.
Ilipochanua mwaka wa kwanza aliyachuma maua yote.
Nililia, nikidhani anaua mti.
"Huu bado unajifunza kusimama," alisema,
akawatupia kuku yale maua.
Kamati sikuwaeleza habari hii.
Wangesema kocha sasa ameleta kilimo.

Niliwapa yaliyomo daftarini:
kilo arobaini na moja.
Pasi ya kulia, safi.
Gongo la kinyume, bado analima.
Akinyang'anywa mpira husimama
kutazama nani amemwona.
Ugonjwa huo hauponi kwa makofi.

Wao walitaka mechi nzima, mimi nilitaka asivae kabisa jezi.
"Dakika kumi na mbili," alisema mweka hazina
bila kuinua macho kwenye nauli zake,
na sijui kwa nini sote tulinyamaza.

Jumapili. Tumeshafungwa mbili.
Somoe aliingia na gongo la kuazima,
mpini umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli.
Mtu wa Dar akainua simu.
Pasi ikamfikia, mbele yake peupe kabisa,
uwanja mzima ukasimama: nenda! nenda, Somoe, nenda!
Akageuka.
Akaurudisha nyuma kwa Akwilina, beki wetu wa siku nyingi,
aliyekuwa peke yake, na ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

Watu wakaguna. Simu ikashuka.
Mimi nikaandika:
dk. 52. Ameangalia kabla ya kupokea.
Nikapigia mstari, penseli ikavunjika.

Hatukupata hata bao la kufutia machozi.
Alinijia jasho limechanganyika na salfa,
jicho moja limefumba.
"Kocha, nilikosea?"
Nikamwambia kesho saa kumi na nusu
aje na dumu la maji, vumbi la uwanja limezidi.
Nilikuwa na mengine ya kumwambia,
lakini hakuwa ananisikiliza tena:
Mchopa alikuwa ameshalichukua lile gongo,
amekaa chini, mguu ameunyoosha,
anafungua mpira wa baiskeli, raundi moja moja,
ili aukaze upya.