Kiti Kimoja

Miaka kumi na tisa nimekaa kushoto,
kiti cha mwalimu, Tabata hadi Segerea,
mguu juu ya breki ya pili,
ile ambayo mwanafunzi haioni ila anaijua,
kama mtoto ajuavyo kuwa mama yupo nyuma ya mlango.
Nimesema "kanyaga klachi, achia taratibu"
mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina langu.

Ijumaa usiku akanipigia Somoe Mchopa.
Somoe huyuhuyu aliyefeli mara tatu,
aliyegonga kibanda cha chipsi cha Mangi, akalipa kwa awamu.
Siku hizi ni fundi, ana karakana Gerezani,
ameunda gari la mashindano
kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki kubwa.
"Njoo Kibada, Mwalimu. Tuna lami mita mia tisa
na matairi mabovu tumeyapaka chokaa."
Nikavuka kwa pantoni, nimevaa viatu vya kazini.

Gari lenyewe halina mlango.
Halina paa, halina buti,
halina hata pa kuweka kitambaa cha kufutia jasho.
Huliingii, unalivaa kama suruali:
mguu mmoja, kisha mwingine,
kisha unavuta pumzi kwa ajili ya tumbo.
Somoe akanifunga mikanda, akaikaza,
akanivika kofia yenye jasho la mtu mwingine,
halafu akabaki pembeni, mikono imekosa kazi.
"Mwalimu," akasema, "leo mimi sina pa kukaa."

Nikawasha.
Nikakanyaga klachi, nikaachia taratibu.
Likazima.
Nikawasha. Likazima.
Juu ya ukuta wa matofali watoto sita
wakapiga kelele: "Mwekeeni L! Mwekeeni L!"

Mara ya tatu likaondoka,
nami ndani yake kama mzigo uliosahauliwa.

Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba magurudumu ya mbele utayaona.
Miaka yote nimefundisha kitu kilichofichwa:
zungusha hivi, amini, yatafuata.
Hapa nakata usukani upana wa kidole
nayo yanageuka mbele ya macho yangu, meusi, uchi,
kama maksai wawili walioitwa kwa majina.
Lami inapita chini ya makalio. Naitazama dunia kwa kimo cha kuku.
Kila kokoto linajitambulisha kwenye uti wa mgongo.

Kona ya kwanza nikasema, "Punguza."
Nani apunguze?
Kona ya pili nikasema, "Angalia kioo."
Kioo kimejaa vumbi langu mwenyewe.
Kona ya nne mguu wa kushoto
ukaenda peke yake kutafuta breki ya pili,
ukapiga bati tupu,
na mkia wa gari ukaja mbele kuuliza kulikoni.
Kibada yote ikazunguka: ukuta, watoto,
mnara wa simu, Somoe, ukuta, watoto.
Kisha kimya. Harufu ya mpira ulioungua.
Natazama nilikotoka.

Hapo nikacheka, sijui nikichekea nini.
Ndani ya kofia kicheko hakina pa kutokea,
kinakurudia mdomoni, cha moto.

Somoe hakukimbia kuja.
Alisimama palepale, mikono kiunoni,
kama nilivyosimama mimi siku ile ya kibanda.
Akangoja.
Nikaliwasha mwenyewe, nikaligeuza mwenyewe.
Mizunguko iliyofuata sikuihesabu,
petroli iliihesabu.

Jumatatu, saa moja asubuhi, mzee Kalembo,
mstaafu wa bandari, somo la pili,
ameushika usukani kama mtu aliyekabidhiwa kichanga.
Tambarare tupu, Kimanga, hakuna hata bodaboda.
Likazima.
Akanigeukia. Nikafungua mdomo,
nikaufunga.
Akawasha tena, midomo yake ikihesabu.
Mimi huku chini, asipopaona,
nikaondoa mguu kwenye breki ya pili.
Si wote.
Kidole gumba nilikiacha.