Swali la Kumi na Saba

Fomu ya upekuzi ina kurasa kumi na mbili.
Jina la bibi mzaa mama nimeliandika bila kusita,
Subilaga wa Masoko, ambaye hakuwahi kuvuka Kiwira,
na shule, na kanisa, na shemeji aliyeko Lusaka.
Kalamu imekwama swali la kumi na saba:
Je, unadaiwa? Na nani? Kiasi gani?
Wameacha mstari mmoja, mfupi kama kidole gumba.

Nje, Tukuyu imejifunika ukungu hadi kidevuni.
Mlima Rungwe leo haupo.

Tuanze na wale wa kausha damu, juu ya duka la simu:
walinipa laki tatu usiku mama alipopasuliwa Igogwe,
sasa wanasema laki tano,
na hupiga kabla jogoo hajakohoa.
Mbegu za viazi, kwa binamu Ambwene: laki mbili na elfu sabini na nane.
Mvua ilizidi, bakajani ikala shamba kwa siku tisa,
na Ambwene hajaniuliza hata mara moja,
ndiyo maana napita njia ya mtoni.
Sukari, mafuta, madaftari, kwa Mama Tumpe: elfu sitini na mbili,
bila kuhesabu chumvi ya jana.

Nimejumlisha nyuma ya bahasha.
Laki nane na elfu arobaini.
Basi hiyo ndiyo bei yangu.
Kwa hesabu zao, anayedaiwa hununulika,
na masijala ya siri, ule mlango wa chuma mwisho wa korido,
hakabidhiwi mtu mwenye bei.

Miaka kumi na moja nimebeba majalada ya watu,
nani kahamishwa kwa aibu, nani ana mtoto Kyela,
sijaunong'oneza hata mto wangu.
Na siri niliyoitunza kuliko zote
ni hii, asiyoijua Tusekile mke wangu,
anayelala juu ya laki nane
akidhani ni godoro.
Kumbe ustadi huo ndio ugonjwa wanaoutafuta.

Jana mpekuzi alifika kwa Mama Tumpe,
viatu vya mjini, tope jeusi hadi kwenye kamba.
Akanunua soda, hakuinywa.
"Huyu jirani yako, unamdai?"
Mwanangu alikuwa pale, kafuata chumvi ya kukopa;
akaniletea jibu na chumvi kwa mkono mmoja:
"Namdai. Daftari hili hapa, hesabu mwenyewe.
Ila kwangu hupita mbele ya mlango, na husalimia."

Kwangu.
Nikaikumbuka njia ya mtoni.

Mstari hautoshi. Nimegeuza karatasi,
nimeandika madeni yote matatu, kwa wino,
la Ambwene kwanza, kwa herufi kubwa.
Kisha nimemwita Tusekile aje na taa,
asome kabla yao.