Saa Kumi hadi Saa Kumi

Mara saba Anselme Quillard alianza mbio Le Mans,
mara moja tu akamaliza: wa kumi na mmoja,
gia ya tatu imekufa,
mlango umefungwa kwa mshipi wa suruali.

Siku za kazi aliuza mbegu za viazi huko Sablé
kwa gari lilelile,
namba zimefutwa kwa mafuta ya taa.

Kazi yangu ilikuwa saa na penseli.
Alfajiri, ukungu ukilalia lami,
niliujua mlio wake kabla ya mwanga:
kikohozi kidogo, kisha ngurumo.

Mwaka wa hamsini na tisa hakusikika.
Nikaandika mzunguko, nikafuta, nikaandika.
Akaja kwa miguu, helmeti mkononi,
akaniuliza kama kahawa ingali moto.