Bomba Namba Saba, Zamu ya Usiku

Bomba namba saba haliguswi.
Ndani yake kinywe cha Ruangwa kimechemshwa na magadi,
rojo jeusi, nyuzi tisini na nne,
zito kama uji uliosahaulika mekoni.
Mwaka juzi tulitumbukiza gurudumu la kuhesabia mwendo.
Lilidumu siku kumi na moja.
Tulipolitoa, halikuwa na jino hata moja.

Sasa tunauliza kwa nje.
Vihisi viwili vimefungwa ubavuni kwa mikanda,
kila kimoja na ulimi wake mrefu wa chuma,
maana fuwele ikililalia joto lile inapotewa na akili.
Vinatuma sauti. Hakuna sikio linaloipata,
labda popo wa kwenye paa la stoo.
Inaingia, inagonga chembe zinazokimbia,
inarudi imebadilika kidogo,
na kwa udogo huo tunajua:
mita moja na nusu kwa sekunde.

Saa tisa na dakika arobaini, kioo kikasema sifuri.

Bwana Mkwanda akadaka redio:
“Limeganda! Zimeni pampu, fungueni bomba!”
Kulifungua ni saa sita, na ngozi ya mtu.
Mkono wa Chitanda bado una ramani ya mara ya mwisho.

Somoe hakujibu.
Aliweka chini bakuli la ming'oko,
akachukua kipande cha nondo,
ncha moja kwenye flanji, nyingine
kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto.
La kulia kinu kililichukua zamani.
Akafumba macho. Tukasimama na helmeti zetu
kama watu wanaosubiri mwezi uandame.

“Linapita,” akasema. “Lina mchanga, lakini linapita.
Aliyenyamaza si bomba.”

Tukalegeza mkanda. Grisi kati ya ulimi na bomba
ilikuwa imekauka, imepasuka kama shamba la Oktoba,
na katika ufa ule,
usiopitisha hata karatasi,
sauti yote ilikuwa imefia.

Akapaka nyingine kwa kidole, polepole,
kama anayemchua mtoto kifua.
Sifuri. Sifuri. Sifuri nukta nne.
Moja nukta tano.

Bwana Mkwanda akaandika daftarini: Kihisi kiliharibika.
Alipotoka, Somoe akakata kwa mstari mmoja,
juu yake akaandika kwa herufi za kubanana:
Kihisi kizima. Hakikusikia kitu, kikasema kweli.

Ming'oko ilikuwa imepoa.
Akaila hivyo hivyo, na chumvi.