Nani Alikipima Kibaba

Saa nane usiku, chini ya ardhi ya Mainz.
Zdenka amelala juu ya koti lake, mdomo wazi.
Mimi nahesabu.
Kila mlio, elektroni moja
iliyokwenda imenyooka ikatoka imepinda.

Hatuioni protoni. Tusidanganyane.
Tunarusha elektroni gizani, mabilioni kwa mabilioni,
ndani ya kichupa cha haidrojeni iliyopozwa hadi ikawa maji,
na karibu zote hupita
kama zilizobisha hodi zikakuta nyumba haina mtu.
Chache hukunja njia.
Tunachoandika ni pembe tu: huyu amepinda hivi, yule vile,
na kwa kupinda kwa wageni
twajaribu kumjua mwenyeji.

Jumanne kichupa kiliota theluji.
Masalia ya hewa yalishika ukutani, yakaganda,
utando ambao unene wa unywele haufiki,
na kwa saa kumi na moja tukawa tunapima theluji
kwa makini makubwa
tukiiita protoni.
Zdenka alifuta data yote. Hakusema neno.
Akaenda kununua mkate.

Baba yangu, Ansgar, alikuwa mkaguzi wa mizani.
Kila Jumamosi sokoni, nyuma ya kanisa kuu,
alifungua kasha la mawe ya shaba yaliyolazwa juu ya mahameli.
Hakuyashika kwa vidole.
Jasho lina uzito, akisema, na akavuta leso.
Siku moja alimtoza faini muuza nyama Krummeich
kwa gramu nne katika kila mia,
na Krummeich ndiye aliyenishika nilipobatizwa.
Hakuja tena kula kwetu.

Nne katika mia.
Ndiyo takriban tofauti iliyotunyima usingizi miaka hii:
waliopima kwa elektroni walipata protoni nene kidogo,
waliopima kwa myuoni, nduguye mzito, wakapata nyembamba,
na protoni ni ileile,
haijanenepa wala kukonda kwa ajili ya mtu.
Sasa apigwe faini nani?

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Haba zangu ninazo, milioni mia nne tangu Jumatano.
Lakini kibaba chenyewe
nani alikipima?

Nilijaribu kumweleza baba, hospitalini,
mkono wake ukiwa na sindano ya dripu.
Nilisema: elektroni ikigonga kwa nguvu huona vipande,
vurugu ya kwaki zinazovutana;
ikipita kwa upole huona umbo.
Kadiri ya upole, kadiri ya ukweli kuhusu upana.
Na jibu lenyewe, nusu ya kipenyo,
liko kwenye sifuri, katika mwinamo wa mstari unapoanza tu,
pale ambapo elektroni haikusukuma kitu,
ambapo hakuna mashine itakayofika.
Tunapima karibu, karibu zaidi,
halafu tunauvusha mstari pengoni
kwa hesabu, na kwa kitu ambacho hatukiandiki kwenye ripoti.

Alinyamaza kitambo. Nikadhani amesinzia.
“Kwa hiyo,” akasema, “mnasoma mizani
kabla ya nyama kuwekwa?”
Nikacheka. Nikasema, karibu hivyo.
“Basi angalieni kwanza
kama mshale umelala sifuri.”

Hilo ndilo nalifanya usiku huu.
Sumaku tatu, kila moja nzito kuliko nyumba,
zimesimama kwenye reli zao kukizunguka kichupa
ambacho ningeweza kukificha kiganjani.
Nazisogeza nusu digrii. Nangoja. Nazirudisha.

Zdenka anafumbua jicho moja.
“Theluji?”
“Sijui bado.”
Anageukia ukuta.

Kidole changu kiko juu ya kitufe,
na naona nimeuvuta mkono wa sweta
mpaka kwenye kucha,
nisije nikakigusa.